Azimio lilipita kwa kura zote, Goma ikabaki ilipokuwa

Ijumaa ya Februari 21, 2025, wajumbe 15 wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa walipiga kura kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, na wote 15 wakaunga mkono. Hakuna aliyepinga wala aliyejizuia. Azimio namba 2773 liliwataka waasi wa M23 wasimamishe mapigano mara moja, waondoke Goma na Bukavu, na wavunje tawala walizokuwa wameziweka huko. Likalitaka pia jeshi la Rwanda liache kuwasaidia waasi hao na litoke katika ardhi ya Kongo bila masharti. Kwa muda mrefu maazimio kuhusu M23 yalizungumzia tu “msaada kutoka nje”, kana kwamba msaada huo ulikuwa ukishuka kutoka mawinguni. Safari hii mwenye msaada alitajwa. Kinshasa ilishangilia na ilikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Lakini Goma, iliyokuwa mikononi mwa M23 tangu Januari 27, haikurudi. Bukavu nayo, iliyokuwa imeanguka siku chache tu kabla ya kura, haikurudi. Machi 19, kabla hata mwezi haujatimia tangu kura ile, waasi waliingia Walikale, mji wa madini ulioko ndani zaidi upande wa magharibi.

Ni rahisi kuyatazama matukio hayo na kusema kwamba Umoja wa Mataifa hauna maana. Hiyo ni hukumu ya uvivu, na haitufundishi lolote kuhusu rasimu itakayofuata. Swali lenye faida ni jingine: wanadiplomasia waliohangaika wiki kadhaa kutafuta uungwaji mkono wa azimio lile walikuwa wanatafuta nini hasa? Jibu langu ni kwamba walitafuta kura, wakazipata zote, na katika kuzitafuta wakayaacha nje mambo ambayo yangelifanya azimio liume: nani atahakiki kwamba bunduki zimenyamaza, kufikia tarehe gani, na anayekaidi atapoteza kitu gani. Kura 15 zinaonyesha kwamba maandishi yalikubalika kwa kila mtu. Hazionyeshi kwamba kuna mtu aliyelazimika kubadili mwenendo wake. Historia ya Kongo yenyewe, tangu mwaka 2000, inatoa ushahidi wa kutosha kuhusu tofauti hiyo.

Tuanze na namna kura zinavyopatikana, kwa sababu ndiko maneno yanakolainishwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 27 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, azimio lenye uzito linahitaji kura tisa tu, mradi asiwepo hata mmoja kati ya wajumbe watano wa kudumu anayetumia kura yake ya turufu. Kwa masuala ya Kongo, nchi inayoshika kalamu ni Ufaransa. Ndiyo inayoandika rasimu ya kwanza na kuisambaza kwa wengine. Maofisa wa ngazi ya kati kutoka balozi zote 15 hukaa chumba kimoja wakiipitia aya kwa aya. Huyu anataka neno fulani lipunguzwe makali, yule anataka aya nzima ihamishiwe kwenye utangulizi, mahali ambapo haitambana mtu. Rasimu ikishatulia huwekwa chini ya utaratibu wa ukimya: kila ujumbe hupewa hadi saa fulani, na asiyesema kitu amekubali. Mwenye pingamizi huvunja ukimya, na mazungumzo huanza upya. Ikipita hapo huchapwa kwa wino wa buluu, ishara kwamba iko tayari kupigiwa kura. Ni mashine nzuri ya kutafuta maneno yasiyomuudhi yeyote. Kumlazimisha mtu kutoka katika mji alioteka ni kazi nyingine, ambayo mashine hiyo haikuundwa kuifanya.

Na mashine hiyo hula muda. Novemba 20, 2012, M23 walipoiteka Goma kwa mara ya kwanza, Baraza lilipitisha azimio 2076 siku hiyohiyo. Mwaka 2025 Baraza lilikutana kwa dharura Jumapili ya Januari 26, saa chache kabla mji haujaanguka, lakini azimio lilipatikana siku 25 baada ya Goma kutekwa. Sehemu ya siku hizo ilikuwa ya kusubiri kanda iseme kwanza, kwa kuwa wajumbe wa Afrika barazani hawapendi kutangulia mbele ya wakuu wao wa nchi. Kanda ilisema. Februari 8 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam, kikao kikiongozwa kwa pamoja na William Ruto na Emmerson Mnangagwa. Paul Kagame alihudhuria mwenyewe, Félix Tshisekedi akashiriki kwa njia ya video. Walitaka mapigano yasitishwe mara moja bila masharti, wakawapa wakuu wa majeshi siku tano wakutane kuandaa utekelezaji. Siku tano hizo ziliisha Februari 13. Siku iliyofuata M23 wakauchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na njia ya kuingia Bukavu ikawa wazi.

Waasi wenyewe walikuwa tayari wameonyesha kwamba neno “kusitisha mapigano” halina uzito kwao. Februari 3 walitangaza kwamba kuanzia siku iliyofuata wangeacha kupigana kwa sababu za kibinadamu. Februari 5 walikuwa wameteka Nyabibwe, mji mdogo wa machimbo ulioko Kivu Kusini, kwenye barabara iendayo Bukavu. Mtu aliyekuwa akiandika rasimu jijini New York wiki hiyo alikuwa na ushahidi wote mezani kwamba tangazo lisilo na mhakiki ni tangazo tu. Tamko la Dar es Salaam halikuwa na kipengele cha adhabu, na azimio lililofuata lilirithi upungufu huo.

Ukilisoma azimio 2773 kwa makini utaona mahali biashara ilipofanyika. Kwa M23, Baraza linaamua: waasi lazima waache mapigano na waondoke. Kwa jeshi la Rwanda, Baraza linatoa wito. Katika lugha ya barazani huo si urembo wa maandishi, kwa kuwa uamuzi unamfunga anayeambiwa kisheria, ilhali wito humwachia nafasi ya kubishana kama amefungwa au la. Kwa hiyo kundi la waasi, lisilo na kiti New York wala sababu ya kujali sheria za kimataifa, ndilo lililoamriwa. Dola yenye ubalozi, bajeti inayotegemea wafadhili na jina zuri la kulinda ikaombwa. Hapakuwa na tarehe ya mwisho ya kuondoka. Kamati ya vikwazo kuhusu Kongo ipo tangu mwaka 2004, lakini azimio halikuipa jina hata moja jipya la kushughulikia. Baraza lilijiwekea tu akiba ya kuchukua hatua zaidi huko mbele. Ukitaja kosa la nchi kwa jina kisha usiseme litagharimu nini, umemwambia mkosaji bei yake ni sifuri.

Tofauti hii inaonekana zaidi ukirudi nyuma robo karne. Kati ya Juni 5 na 10, 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani. Kwa hesabu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokwenda kutathmini hasara, raia zaidi ya 760 waliuawa na nyumba maelfu kuharibiwa kwa mizinga. Juni 16, siku sita baada ya vita hivyo kukoma, Baraza lilipitisha azimio 1304 chini ya Sura ya Saba ya Mkataba. Halikutoa wito. Lilidai kwamba Rwanda na Uganda, zikiwa zimekiuka mamlaka ya Kongo na mipaka yake, ziondoe majeshi yao yote. Kwa maneno, azimio la mwaka 2000 lilikuwa kali kuliko la 2025. Hata hivyo majeshi hayo hayakuondoka yote mwaka 2000, wala 2001.

Jeshi la Rwanda liliondoka 2002, na namna lilivyoondoka ndiyo sehemu ambayo waandika maazimio wangepaswa kuisoma mara mbili. Julai 30 mwaka huo, huko Pretoria, chini ya usuluhishi wa Thabo Mbeki, Joseph Kabila na Kagame walitia saini makubaliano yenye vitu vitatu ambavyo azimio 1304 halikuwa navyo vyote kwa pamoja. Palikuwa na kalenda ya siku 90. Palikuwa na wajibu kwa pande zote mbili, kwa sababu Kongo nayo ilitakiwa kuwakamata na kuwapokonya silaha Wahutu wenye silaha waliokimbilia huko baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Tena palikuwa na mhakiki wa tatu, Afrika Kusini pamoja na Umoja wa Mataifa, aliyekwenda uwanjani kuhesabu. Mapema Oktoba Rwanda ilikuwa imewaondoa wanajeshi zaidi ya 20,000. Sisemi kwamba Pretoria ilimaliza kila kitu. Kundi la RCD-Goma, lililokuwa likitegemea Kigali, lilibaki na silaha zake na baadaye likaingia katika serikali ya mpito. Lakini wanajeshi waliohesabika walivuka mpaka wakarudi kwao, jambo ambalo maazimio ya miaka miwili hayakuweza kulifanya.

Miaka ya 2012 na 2013 ilikuwa na mafunzo yaleyale kwa sura nyingine. Azimio 2076, lililopita kwa kauli moja siku Goma ilipoanguka, linaonekana kama lilifaulu, kwani M23 waliondoka mjini Desemba 1. Lakini katikati hapo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Kampala Novemba 24 wakawapa waasi masharti ya kuondoka, na Uingereza ikazuia pauni milioni 21 za msaada kwa Rwanda mwisho wa mwezi huohuo. Nchi nyingine za Magharibi zilikuwa zimeanza kubana misaada tangu katikati ya mwaka. Kisha Machi 2013 likaja azimio 2098, lililounda brigedi ya kushambulia makundi ya waasi, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi chini ya kamanda wa kwanza kutoka Tanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kichekesho cha historia ni kwamba Rwanda yenyewe ilikuwa mjumbe wa Baraza mwaka huo, na azimio lilipita bila kura ya kupinga. Novemba 5, 2013 M23 walitangaza kuacha vita. Azimio lile lilikuwa na askari, bajeti na amri ya kufyatua risasi ndani yake. Kura zilipigwa kwa ajili ya kitu kinachoshikika.

Sasa, mwanadiplomasia atakayesoma haya atanijibu kwamba ninadai yasiyowezekana. Atasema: ukiweka vikwazo na tarehe ndani ya rasimu, unapoteza kura, na azimio lenye kura tisa au kumi ni dhaifu kuliko lenye 15, kwa kuwa anayelengwa atajificha nyuma ya waliojizuia. Hoja hii ina uzito, lakini kumbukumbu za Kongo haziiungi mkono kikamilifu. Juni 30, 2022 Baraza liliongeza muda wa vikwazo vya Kongo kwa kura 10 tu. China, Urusi, Gabon, Ghana na Kenya, naam, Kenya jirani yetu, zilijizuia, zikilalamikia sharti la kutoa taarifa za silaha zinazopelekwa kwa serikali ya Kongo. Azimio lile, la 2641, lilikuwa na nguvu ileile ya kisheria ambayo lingekuwa nayo kwa kura 15. Hakuna benki iliyokataa kuzuia fedha za mtu aliye kwenye orodha kwa sababu nchi tano zilijizuia. Mjumbe wa kudumu anayejizuia hajaua azimio, na kati ya kujizuia na kura ya turufu kuna nafasi pana ambayo waandishi wa rasimu ya 2025 hawakuitumia.

Je, ingekuja kura ya turufu? Tutazame hali ya wiki ile. Februari 20, siku moja kabla ya kura, Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa serikali ya Rwanda na mtu wa karibu wa Rais Kagame katika masuala ya Kongo kwa miaka mingi, pamoja na msemaji wa waasi, Lawrence Kanyuka. Ufaransa ndiyo iliyokuwa ikiandika. Uingereza ilitangaza kusitisha sehemu ya misaada yake siku nne baada ya kura. Zilibaki China na Urusi, ambazo kwa kawaida hazipendi vikwazo, lakini kwa suala la Kongo desturi yao ni kujizuia, kama zilivyofanya 2022. Kwa hukumu yangu, rasimu yenye meno ingepata kura zisizopungua kumi na moja. Kilichoogopwa zaidi kilikuwa picha ya Baraza lililogawanyika, na picha nzuri ndiyo iliyonunuliwa kwa meno.

Iko upande wa pili hatari ya kuhesabu kura bila kuangalia mwenye uwezo wa kusukuma amesimama wapi. Machi 25, 2024 wajumbe kumi wasio wa kudumu, baada ya Marekani kuzuia rasimu tatu kuhusu Gaza, walifanikiwa kupitisha azimio 2728 la kusitisha mapigano katika mwezi wa Ramadhani. Msumbiji ndiyo iliyoliwasilisha. Kura 14 ziliunga mkono, Marekani ikajizuia, kisha maofisa wake wakasema azimio hilo halimfungi mtu. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, mabomu yakaendelea. Mapigano yalisimama Januari 19, 2025 kwa makubaliano yaliyosimamiwa na Qatar, Misri na Marekani hiyohiyo, nayo yakavunjika Machi 18. Yaani kura 14 zilikosa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa na silaha na fedha ambazo mpiganaji mmoja alizihitaji. Ndiyo maana sioni faida ya kushindana kuhusu idadi. Kura tisa akiwemo mwenye uwezo wa kunyima kitu zina faida kuliko 14 asipokuwemo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linatoka kwa wapatanishi. Wao husema kwamba kumtaja na kumwadhibu mtu hadharani kunamfukuza mezani. Wana ushahidi wa karibu. Machi 17, 2025 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo maofisa wa Rwanda na viongozi wa M23, pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo kilichoko Kigali. Siku hiyohiyo Rwanda ilivunja uhusiano wake na Ubelgiji, na M23 wakatangaza kwamba hawaendi Luanda, ambako mazungumzo yao na serikali ya Kongo yalikuwa yaanze kesho yake. Angola, iliyokuwa imebeba mzigo wa usuluhishi kwa miaka, ilijitoa wiki iliyofuata. Hoja ya wapatanishi ingeishia hapo kama hadithi ingeishia hapo. Lakini Machi 18, siku ambayo kiti cha M23 kilikuwa kitupu Luanda, Tshisekedi na Kagame walikuwa Doha, wameketi na Amiri wa Qatar, Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani, na wakasema kwa pamoja wanataka mapigano yasitishwe. Hawa ndio waliokuwa wameshindwa kukutana Luanda Desemba 15 iliyotangulia, mkutano ukavunjika siku yenyewe. Adhabu ilifunga mlango mmoja na haikuzuia mwingine kufunguliwa. Siwezi kudai kwamba vikwazo ndivyo vilivyowapeleka Doha, kwa kuwa Qatar ilikuwa na ushawishi wake wa uwekezaji Kigali na Kinshasa. Ninachodai ni kwamba ushahidi wa Machi hautoshi kuthibitisha kuwa adhabu huua mazungumzo.

Kigali ina pingamizi lake, na si haki kulipita kimya. Inasema kundi la FDLR, lenye mizizi katika waliotenda mauaji ya 1994, bado lina silaha mashariki mwa Kongo, na kwamba jeshi la Kongo limekuwa likishirikiana nalo. Sehemu ya pili ya madai hayo imethibitishwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na azimio 2773 lenyewe liliulaani ushirikiano huo. Lakini wataalamu haohao, katika ripoti yao ya katikati ya 2024, walikadiria wanajeshi wa Rwanda walioko Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000, na katika ripoti ya Desemba mwaka huo walieleza kuwa M23 walikusanya takriban dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza ushuru koltani ya Rubaya, machimbo waliyoyateka Aprili mwaka huo. Mwenye hofu ya FDLR anahitaji mhakiki asiyependelea kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mhakiki huyo angehesabu bunduki za FDLR kama anavyohesabu askari wa Rwanda. Kutokuwepo kwake kunamfaa yule tu ambaye hataki kuhesabiwa.

Kwa nini basi mataifa yenye uwezo hulainisha maneno? Kuna sababu za kawaida kabisa, na nyingi ni za maslahi. Rwanda ni miongoni mwa nchi zinazotoa askari wengi zaidi kwa ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Tangu Julai 2021 wanajeshi wake wako Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, karibu na mradi mkubwa wa gesi wa kampuni ya Ufaransa, TotalEnergies, na Umoja wa Ulaya umewachangia fedha. Februari 2024 Umoja huohuo ulitia saini na Kigali hati ya ushirikiano kuhusu madini. Aliye na haya yote mkononi haombwi kwa sauti ya ukali. Lakini uhusiano huo una ncha mbili, maana Rwanda nayo inazihitaji fedha hizo, soko hilo na sifa hiyo. Diplomasia ya kutafuta azimio ingefanya kazi ya maana kama ingeanza kwa kuwauliza Paris, Brussels na London wako tayari kuzuia nini na lini, ndipo rasimu iandikwe. Ilivyofanyika ni kinyume: azimio lilikuja kwanza, kisha kila mji ukachukua hatua yake kwa wakati wake, London mwisho wa Februari, Berlin mwanzoni mwa Machi, Brussels katikati ya Machi, bila sharti la pamoja linalosema “ukiondoka Goma, hiki kinarudi.”

Kuna utetezi mmoja wa maazimio ninaoukubali bila ubishi. Yanakaa kwenye kumbukumbu, na siku moja hutumika. Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Mwaka 2005 mahakama iliikuta Uganda na hatia ya kukiuka sheria za kimataifa, na Februari 2022 ikaitaka ilipe dola milioni 325. Yaliyoandikwa na Baraza kuhusu Kisangani yalikuwa sehemu ya kumbukumbu ya kesi hiyo. Mstari unaoitaja Rwanda katika azimio 2773 unaweza kuja kuwa na kazi kama hiyo. Ila kati ya mizinga ya Kisangani na hukumu ya fidia ilipita miaka 22. Mama wa Goma ambaye benki zote za mji wake zilifungwa baada ya waasi kuingia, ambaye uwanja wa ndege wa kumletea dawa ulifungwa pia, hawezi kuhesabu kwa miongo.

Matukio ya Desemba 2025 yanaonyesha nguvu ilikokuwa muda wote. Desemba 4 Tshisekedi na Kagame walitia saini mkataba Washington mbele ya Donald Trump. Wiki haikuisha, Desemba 10, M23 wakawa wameingia Uvira, mji ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ng’ambo ya Bujumbura, na maelfu ya watu wakavukia Burundi. Washington ilikasirika hadharani. Katikati ya Desemba M23 wakatangaza kwamba wataondoka Uvira kwa ombi la Marekani, ingawa uondokaji huo uliambatana na mabishano mengi kuhusu nani hasa ameondoka na nani amebaki kwa nguo za kiraia. Sifurahii mpangilio ambamo simu ya mji mkuu mmoja ina uzito kuliko azimio la dunia nzima, hasa mji mkuu huo unapokuwa na hamu ya madini ya anayepigwa. Lakini tusijidanganye kuhusu kilichotokea. Goma iliamriwa na nchi 15 na ikabaki. Uvira iliombwa na nchi moja, na waasi wakajibu katika siku chache, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na kitu cha kunyima na ilionekana iko tayari kukinyima.

Juni 3, 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliichagua Kongo kwa kura 183 kuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, na tangu Januari 1, 2026 imeketi huko pamoja na Somalia na Liberia kama sauti tatu za Afrika. Ikiutumia ujumbe huo kutafuta tamko lingine la kauli moja, itakuwa imepoteza nafasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, zilizokubaliana Dar es Salaam kwamba mapigano yasitishwe, sasa zikubaliane kabla ya rasimu yoyote kupelekwa New York kuhusu askari wa nchi zipi watakwenda kuhakiki, tarehe ya kwanza ya kukaguliwa kwao, na majina yatakayopelekwa kwenye kamati ya vikwazo tarehe hiyo ikipita bila mtu kuondoka, yawe ya Kigali au ya Kinshasa. Wabunge wa nchi hizi wana haki ya kuwauliza mawaziri wao wa mambo ya nje maswali hayo, na wananchi wana haki ya kusikia majibu. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika mapigano ya Goma, Tanzania na Malawi nazo zikazika wa kwao, kwa hiyo si suala la kuwaachia mabalozi peke yao. Kiti cha Kongo barazani kina muda hadi Desemba 31, 2027.